Siku nne Rubondo: nilifuata sokwe, nikarudi na habari za maji

Mguu Njiani

Wakuu, habari za mihangaiko. Niliahidi kwamba nikitoka Rubondo nitaleta mrejesho, na ahadi ni deni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye mambo ya kubeba.

Kwa wasiokijua, Rubondo ni kisiwa kilichoko kona ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria, upande wa Geita. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Ukihesabu na maji yanayokizunguka ni kama kilomita za mraba 457, nusu na ushee ndiyo nchi kavu, na sehemu kubwa ya hiyo nchi kavu ni msitu mnene unaoshuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Loji tuliyofikia sitaitaja, nisije nikaambiwa nimelipwa. Ilitutosha: kitanda kizuri, maji ya moto ya sola, kibaraza kinachotazama ziwa. Tulikuwa watatu, mimi, mama watoto, na shemeji yangu ambaye hata akiona ndoo ya maji anaulizia ndoano.

Kosa langu nalisema mapema. Nilipanga ratiba kama ya semina. Asubuhi sokwe, mchana matembezi, alasiri kayaki, jioni uvuvi, usiku moto na stori. Ratiba ikafa siku ya kwanza, tena ikafia majini.

Tulitoka Mwanza alfajiri. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko, kwa hiyo tukapita Geita na Katoro bila shida, tukafika Muganza, tukashuka mwaloni Kasenda, pale boti zinapotia nanga, saa nne kasoro. Boti tuliyoipanga kwa simu ilikuwa ya saa nne. Ikaja saa saba na nusu. Kwanza ilikuwa mafuta, baadaye fundi, mwisho mjomba anaumwa. Kutoka pale kwenda kisiwani ni kama nusu saa tu, na ile saa nne maji yalikuwa yametulia mpaka unaona kivuli cha nguzo ya gati kimenyooka. Saa saba na nusu yalikuwa maji mengine kabisa. Mama watoto, aliyekuwa anapiga picha tangu Mwanza, alitia simu kwenye mfuko wa nailoni, akashika ubao kwa mikono miwili na midomo ikawa inacheza. Sikumuuliza anasali sala gani.

Nahodha ndiye aliyenifungua macho. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inapaa, na ile ya baridi ya ziwani inakuja kuziba pengo. Huo ndio upepo wa mchana, na unazidi kadiri alasiri inavyosogea. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Nilikuwa nimepanga kayaki saa tisa alasiri! Kijana wa mapokezi aliisoma ile ratiba yangu, akatabasamu, akaikunja vizuri akanirudishia.

Siku ya pili, sokwe. Tuliamshwa saa kumi na moja, tukagawiwa barakoa za kuvaa tukiwakaribia, kwa sababu sokwe wanashika magonjwa yetu ya kifua, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua yeye. Mwongozaji mbele, askari mwenye bunduki nyuma. Msahau habari ya kutembea wima. Ni msitu wa kamba: kamba zinazopanda miti, zinazoshuka, zinazotambaa, nyingine nene kama paja. Unainama, unapita, unainuka, unagonga kichwa.

Baada ya saa moja na nusu mwongozaji akachuchumaa. Akaokota ganda la njano pamoja na donge la makapi yaliyotafunwa na kutemwa, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa bado bichi kwa mate. Nikanusa. Bungo, wakuu! Bungo lilelile la juisi, tunalomung'unya mpaka ulimi unakauka. Sokwe wa Rubondo wanayategemea sana, yanaota kwenye hizo kamba zilizokuwa zinanipiga kichwa. Nikamwambia mwongozaji, mbungo wa kupanda nimemwelewa, sasa nisaidie na mbung'o wa kuruka, maana walikuwa wanakula shingo yangu tangu tuteremke garini. Akaangalia fulana yangu ya bluu iliyokolea, akacheka. Mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kumbe nilikuwa mtego unaotembea.

Halafu tukawasikia. Inaanza chini, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, huu, huu, huu, inapanda, inaharakisha, inapasuka kuwa yowe. Mwingine akajibu mbali. Mwingine akapiga mzizi wa mti, du-du-dum, kama ngoma iliyolegea. Mwongozaji akanyoosha kidole kuelekea sauti, tukaenda. Tukafika, hawapo. Tukasikia tena, tukaenda, hawapo. Tulichokiona ni viota vyao juu ya miti, maana kila sokwe mkubwa hujitandikia kitanda kipya karibu kila jioni, na matawi ya vile yalikuwa bado ya kijani. Yaani wamelala hapa jana. Saa saba tukarudi tumechanika, hatujaona hata kidole.

Nilikasirika, sitadanganya. Chakula cha mchana sikuongea na mtu.

Sasa kilichobadilisha safari. Siku ya tatu niliacha kupanga, nikamuuliza mwongozaji, ungekuwa wewe ungefanya nini hapa? Akasema njoo gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usinywe chai. Jua lilikuwa bado. Tukaingia mtumbwi wa plastiki wa watu wawili, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni, tukaenda tukifuata ufukwe, si karibu sana. Kila kona yenye matete aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ko, ko, ko, akasubiri. Ni hodi ya viboko. Walioko chini ya maji wanasikia, wanaibuka, unajua walipo kabla hujawakalia mgongoni.

Kwazi, wale tai wala samaki, walikuwa kila mahali, kila mti mkubwa wa ufukweni una wake, wanarudisha kichwa nyuma mpaka kinagusa mgongo ndipo wanalia. Fisi maji wawili walikuwa juu ya jiwe wanatafuna samaki, na ziwa lilikuwa kimya kiasi kwamba mifupa ikivunjika tunasikia. Tukaingia kijighuba chenye mafunjo. Mwongozaji akaacha kupiga kafi. Sikuona kitu. Akanielekeza kwa kidevu. Dume la nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi, pembe zimejisokota, amesimama maji yamemfika tumboni kama hatua 30 kutoka tulipo. Wale wana kwato ndefu zinazopanuka, ndiyo maana wanatembea kwenye tope ambalo swala mwingine angezama. Nilitegemea akimbie. Hakukimbia. Alishuka. Mgongo ukaingia majini, ikafuata shingo, zikabaki pembe na pua, na zile pembe katikati ya mafunjo makavu sikuweza tena kuzitofautisha. Nadhani tulikaa pale robo saa. Hakuna aliyesema neno. Simu nilikuwa nimeiacha chumbani, kwa hiyo msiniombe picha.

Shemeji naye alikuwa na asubuhi yake kwenye boti. Wanakokota chambo bandia cha umbo la samaki nyuma ya boti mwendo wa polepole, kandokando ya miamba, na sangara anakuja kama mtu aliyetukanwa. Alimpata mmoja, kilo 18 hivi. Tulipokuwa ilikuwa ni kuvua na kurudisha: unapiga picha, unamshika majini ameelekea mbele mpaka apate nguvu, unamwachia. Maji ya hifadhi hayaruhusiwi kuvuliwa kibiashara, ni mazalia. Shemeji alimwachia sangara wake akamwangalia akiondoka kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyeondoka na sufuria la nyumbani. Mchana mzima alikuwa anarudia, "Kilo zote zile."

Mchana wa loji ya msituni, wakuu, ni wa kutofanya kitu. Joto, upepo, wanyama wamelala. Mimi nililala kibarazani nikaangalia tumbili wakipanga kuiba sukari.

Jioni ndiyo saa ya pili ya thamani. Kukiwa giza hutoki chumbani bila askari mwenye tochi, maana viboko wanapanda kula majani. Nilikaa kibarazani taa imezimwa. Mmoja alikuja mpaka chini ya ngazi. Unasikia kabla ya kuona: sauti ya majani yanakatwa, kama mtu anayechana turubai polepole, anapumzika, anachana tena. Na mbali kabisa, nje ya mpaka wa hifadhi, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga juu ya maji. Usiku hauna mwezi, ndio usiku wao. Mama watoto aliniuliza ule mji ng'ambo unaitwaje.

Mambo ya kubeba: nguo za rangi ya khaki au kijani hafifu (mmeshasikia habari ya fulana yangu), mikono mirefu, viatu vinavyoshika utelezi, darubini hata ya kuazima, dawa ya mbu, mfuko wa kuzuia maji kwa ajili ya simu, koti la mvua hata kama ni kiangazi. Malipo ya hifadhi yapangeni mapema kwa namba ya malipo, msitegemee noti mkononi. Na boti ya asubuhi, asubuhi kweli.

Ndoano Butu

Mkuu umeandika vizuri ila umemwonea shemeji. Kilo 18 kuiachia si mchezo. Walitumia mshipi wa uzito gani? Na wanaruhusu kwenda na fimbo zako?

Mguu Njiani

Uzito wa mshipi sikuuliza, mimi na uvuvi ni kama paka na maji. Shemeji alikwenda na fimbo yake, wakaikagua, wakamwambia chambo hai hapana. Hiyo ni ya loji ile, kwingine uliza. Alichonisisitiza niwaambie ni kwamba samaki akitolewa kwenye kina kirefu haraka, kifuko chake cha hewa kinavimba na hata ukimwachia hatashuka. Ndiyo maana walikuwa wanakokota kwenye maji ya kina kifupi.

MamaPacha

Kaka asante kwa mrejesho. Nina pacha wa miaka 7. Wanaweza kufurahia kule? Na ufukwe ukoje, wanaweza kuogelea?

Mguu Njiani

Dada, ufukwe mzuri mpaka unatia hasira, maana kuogelea ziwani hapana. Kuna mamba na viboko. Hata pasipo na hao, konokono wa kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Tafuta loji yenye bwawa lake. Kufuata sokwe watoto wadogo hawaruhusiwi, na hata wangeruhusiwa wangelia kwenye zile kamba. Ila matembezi mafupi, safari ya boti na vipepeo, hapo pacha watakuchosha wewe. Kingine, kisiwani hakuna simba wala chui, kwa hiyo matembezi ya miguu yana amani kidogo kuliko mbuga nyingine. Usiku tu ndio wa kuwafungia ndani.

Pesa Ngumu

Yaani umelipa hifadhi, boti, loji, mwongozaji, halafu sokwe hujaona, na unatusifia kiboko anakula majani? Kiboko hata Mwanza nitamwona bure. Kwa hiyo hela bora Gombe kule Kigoma, sokwe unakutana nao hadi ufukweni.

Kitabu Wazi

Pesa Ngumu, Gombe na Rubondo si kipimo kimoja. Gombe, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Julai 1960 na utafiti haujakoma mpaka leo, yaani vizazi na vizazi vya sokwe vimezaliwa vikiona watu wamekaa kimya na daftari. Eneo lenyewe ni dogo, kilomita za mraba hamsini na kitu. Lazima utakutana nao.

Wa Rubondo wana historia ya ajabu kidogo. Kisiwa hakikuwa na sokwe kabisa. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, mpango wa Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, na shirika lake la uhifadhi la Frankfurt. Wengi walikuwa wamenaswa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakakaa kwenye vizimba miaka. Waliachiwa kisiwani hivihivi, bila mafunzo. Wakajifunza wenyewe kula, kujenga viota, kuzaa. Mleta mada alishika ganda la bungo lililotemwa na mjukuu au kitukuu wa sokwe aliyekuwa analishwa kizimbani Ulaya. Kwangu mimi hiyo pekee inanitosha. Kasuku wa kijivu nao waliachiwa huko mwaka 2000, walikuwa wamekamatwa kwa wafanyabiashara haramu. Tembo na twiga pia waliletwa.

Pesa Ngumu

Mwalimu umenijaza elimu lakini hela yangu bado inauma na hata sijaitoa.

Mtoto wa Mwalo

Nimezaliwa Muganza, ngoja niweke sawa mambo mawili.

La kwanza, upepo. Mleta mada kaeleza vizuri, ila watu wasije wakadhani asubuhi ni salama mwaka mzima. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka kila upande wa ziwa, unakutana katikati juu ya maji yenye joto, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengwa. Upande wetu wa magharibi mara nyingi dhoruba inatufikia alfajiri. Kipindi cha masika unaweza kuamka saa kumi na moja ukakuta ziwa limechafuka kuliko alasiri. Ukiona weusi na umeme kwa mbali upande wa mashariki, hata kama kwenu pametulia, usipande mtumbwi. Sisi tumewazika watu kwa hilo.

La pili, watu wanasema "kisiwa hakina watu" kana kwamba kiliumbwa hivyo. Wazee wetu walikuwa wanaishi kule, wanavua na kulima. Walihamishwa miaka ya 60 ili wanyama wapewe nafasi. Babu yangu mpaka anakufa alikuwa anaita ghuba fulani kwa jina la mwembe wake. Silaumu hifadhi, samaki wanaozaliwa kule ndio wanaotoka nje tunawavua sisi. Ila mkipita msituni mkakuta mti wa matunda umesimama peke yake pasipoeleweka, muulizeni mwongozaji.

Mguu Njiani

Mkuu asante sana, na pole kwa babu. Umenikumbusha kitu. Siku ya pili tulipita mahali pana mwembe mkubwa katikati ya msitu, nikadhani ndege wamedondosha kokwa. Mwongozaji alipunguza mwendo pale, akauangalia, hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Na kuhusu radi ni kweli tupu. Usiku wa mwisho ilipiga kuanzia saa nane. Ndani ya msitu mvua haianzi kwa matone, inaanza kwa sauti kutoka mbali juu ya majani, inakuja kama lori. Asubuhi hatukutoka. Nilipewa chai, nikaangalia ukungu ukipanda kutoka kwenye miti. Kwa ratiba yangu ya zamani ningehesabu hiyo ni siku iliyopotea.

MamaPacha

Mwezi gani mzuri kwenda basi? Na kuna vile vidudu vinavyotoka ziwani kama moshi? Mmoja wa pacha ana pumu.

Mtoto wa Mwalo

Dada, Juni mpaka Agosti ndio kiangazi, njia za msituni zinapitika. Wapenda ndege wanaisifia Desemba hadi Februari, wageni wa kutoka Ulaya wanakuwa wameshafika, ndege nasema, si watalii. Vile vidudu vipo ziwa zima. Haviumi, ila vikielekezwa na upepo upande wenu vinaingia puani na kwenye chakula. Fungeni madirisha, zimeni taa ya nje. Kwa mwenye pumu nenda na dawa zake zote na umwone daktari wake kabla. Kisiwani hakuna duka la dawa, na boti ya usiku si ya kutegemea.

Ndoano Butu

Mleta mada, ukirudi tena utakwenda kwa ajili ya nini? Sokwe au nzohe?

Mguu Njiani

Siku mbili zaidi, ratiba hakuna. Asubuhi majini kama ziwa limekubali, mchana kibarazani. Sokwe nitawajaribu mara moja tu, kwa fulana ya khaki.

Mkokota Chambo

Mimi ndiye shemeji. Nimetumiwa uzi huu na dada yangu. Alikuwa kilo 22, mizani ilisoma na nahodha alishuhudia. Hiyo 18 ameitoa wapi, wakati ule yeye alikuwa anatazamana na swala kwenye matete.